Kutunza Kumbukumbu za Chanjo za Mtoto Nyumbani: Mwongozo kwa Mzazi na Mlezi

Mtoto anayezaliwa katika kituo cha afya nchini Tanzania hufunguliwa kadi ya kliniki, ile ambayo wauguzi huiita RCH 1, na tangu siku hiyo kadi hiyo huwa ndiyo shahidi wa kila sindano na kila tone la chanjo analopewa utotoni. Aliyezaliwa nyumbani au njiani hufunguliwa kadi hiyohiyo siku anapofikishwa kliniki kwa mara ya kwanza. Kituo nacho hubaki na rejesta yake, lakini rejesta haitoki kituoni: familia ikihama kutoka Newala kwenda Temeke, au mtoto akiugua akiwa kwa bibi yake, mhudumu atakayempokea hawezi kulifungua daftari la kule alikotoka, kwa hiyo ataomba kadi.

Wazazi wengi huhofia kadi kupotea. Hofu hiyo ina msingi, lakini kwa maoni yangu kadi iliyopotea ni tatizo dogo kuliko kadi iliyopo isiyosema kweli, kwa sababu aliyepoteza kadi anajua kwamba hana kitu mkononi, ilhali mwenye kadi ambayo tarehe ya miadi imesomwa kama tarehe ya chanjo hukaa miezi mingi akiamini kwamba mtoto wake amekamilisha. Kwa hiyo mambo ya kushughulikia ni mawili, na yanakwenda pamoja: kuhakikisha kwamba kilichoandikwa ndicho kilichofanyika, na kuhakikisha kwamba maandishi hayo hayategemei karatasi moja tu.

Kuisoma kadi

Mzazi asiyeijua ratiba hawezi kugundua kwamba nafasi fulani imeachwa tupu, hivyo ni vyema kuanza hapo. Mtoto anapozaliwa hupewa BCG, yaani sindano ya kuzuia kifua kikuu, pamoja na matone ya polio ambayo kwenye kadi huandikwa OPV 0. Akifikisha wiki 6 hupewa kwa siku moja matone ya polio ya kwanza, matone ya rota ya kuzuia kuhara kukali, sindano ya Penta, na sindano ya PCV ya kuzuia nimonia. Katika wiki ya 10 hurudia zote nne. Katika wiki ya 14 hupata polio, Penta na PCV za tatu, na huongezewa sindano ya polio inayoandikwa IPV. Miezi 9 ni zamu ya surua na rubela, ambayo kadi huiita MR, na miezi 18 ni marudio yake. Penta ni sindano moja inayobeba kinga dhidi ya maradhi matano: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B, na bakteria aitwaye Hib anayesababisha nimonia na homa ya uti wa mgongo. Mzazi anayeambiwa kwamba mtoto amekosa Penta moja aelewe kwamba amekosa dozi ya mambo matano kwa mkupuo.

Namba za polio huwachanganya watu wengi. Kwa kuwa dozi ya kuzaliwa inahesabiwa kuwa sifuri, mtoto aliyeandikiwa OPV 3 anaweza kuwa amepata matone mara nne. Dozi hiyo ya sifuri ina ukomo: hutolewa ndani ya siku 14 tangu kuzaliwa, na mtoto aliyefikishwa kliniki baada ya hapo huanza moja kwa moja na OPV 1 anapofika wiki 6. Nafasi ya OPV 0 ikibaki tupu kwa sababu hiyo haitajazwa kamwe, wala si deni, na mzazi hana haja ya kuhangaika nayo. Jambo la kufanya ni kuandika pembeni, katika kumbukumbu zake za nyumbani, kwamba mtoto alifika kliniki baada ya siku 14, ili asije mtu mwingine miaka miwili baadaye akadhani kwamba kuna uzembe.

BCG nayo ina ushahidi wake mwilini. Wiki chache baada ya sindano hutokea kipele, ambacho hugeuka kidonda kidogo na hatimaye huacha kovu. Kovu hilo huwasaidia wahudumu pale maandishi yanapokosekana, ingawa wapo watoto waliochanjwa ambao kovu halikuonekana, na kwa mwenye tarehe iliyoandikwa kukosa kovu hakumaanishi kwamba arudie sindano. Tarehe iliyoandikwa ina nguvu kuliko kovu.

Kadi hiyo pia ina mchoro wa uzito wa mtoto, matone ya vitamini A yanayoanza katika miezi 6 na kuendelea kila baada ya miezi 6 hadi miaka mitano, na dawa za minyoo zinazoanza mtoto akifikisha mwaka. Hizo si chanjo, na zisichanganywe nazo wakati wa kuhesabu, lakini zinafaa kunakiliwa kwa kuwa hutolewa na watu walewale.

Kabla ya kuondoka kwenye benchi la kliniki

Kazi kubwa ya kutunza kumbukumbu hufanyika kliniki, katika zile dakika mbili kati ya mtoto kulia na mama kumfunga mgongoni. Siku ya kliniki huwa na foleni. Muuguzi mmoja anapima uzito, mwingine anachoma, wa tatu anaandika, na kadi hukusanywa kwa rundo na kurudishwa kwa kuita majina. Katika hali hiyo ni rahisi Penta ikaandikwa na PCV ikasahaulika, au kadi ya mtoto mmoja ikaandikwa chanjo za mwingine, hasa kwa mapacha na kwa watoto wenye majina yanayofanana.

Kwa hiyo kadi inaporudi mkononi, isiingizwe kwenye mkoba kwanza. Ifunguliwe palepale, na mzazi aangalie mambo matatu: kwamba jina ni la mtoto wake, kwamba kila chanjo aliyopewa leo ina tarehe ya leo na si alama ya tiki tu, na kwamba tarehe ya kurudi imeandikwa mahali pake, si ndani ya kisanduku cha chanjo ijayo. Kosa hilo la mwisho ndilo baya zaidi. Muuguzi mwenye haraka huandika tarehe ya miadi kwa penseli ndani ya kisanduku cha dozi inayofuata ili mama asisahau, na mama asipofika siku hiyo, tarehe inabaki pale ikionekana kana kwamba mtoto alichanjwa. Baada ya miezi mitatu hakuna anayekumbuka kwamba ilikuwa penseli ya ahadi.

Kuuliza si kukosa adabu, mradi kufanywe kwa upole. Mzazi anaweza kusema: “Samahani sista, naomba tuangalie pamoja, leo amepata Penta 2, PCV 2, rota 2 na polio 2, ndiyo hivyo?” Muuguzi atapitia kwa kidole, na kama kuna pengo atalijaza akiwa bado anakumbuka. Kurudi kesho kwa ajili ya pengo hilohilo ni safari nyingine, na pengine utamkuta mhudumu ambaye hakuwepo.

Iko sababu moja ya mapengo ambayo wazazi wengi hawaelezwi, nayo husababisha manung'uniko. Chanjo ya BCG na ile ya surua na rubela huja kama unga ndani ya chupa yenye dozi za watoto wengi, kwa kawaida 20 kwa BCG na 10 kwa surua na rubela, na unga huo ukishachanganywa na maji yake maalumu lazima utumike ndani ya saa 6, la sivyo unamwagwa. Zahanati ndogo inayopokea mtoto mmoja wa miezi 9 kwa siku ikifungua chupa kwa ajili yake itatupa dozi tisa, ndiyo maana nyingi hupanga siku maalumu ya juma au ya mwezi kwa chanjo hizo na humwomba mama arudi siku hiyo. Mama anayetoka amempeleka mtoto kliniki, ana kadi iliyopigwa muhuri wa uzito, na anaamini kazi imekwisha, kumbe surua haijachomwa. Siku kama hiyo iandikwe nyumbani kwa maneno kamili: alipelekwa, hakupewa, sababu, na siku aliyoambiwa arudi. Ni busara pia kuuliza mapema, mtoto akiwa na miezi minane, kwamba kituo hicho huchanja surua siku gani.

Kuhesabu tarehe

Dozi za mwanzo huhesabiwa kwa wiki, si kwa miezi, na hapo ndipo wengi hupotea, kwa kuwa wiki 6 si mwezi mmoja na nusu kamili na wiki 14 hazilingani na miezi mitatu. Wiki 6 ni siku 42, wiki 10 ni siku 70, wiki 14 ni siku 98. Uzuri wa wiki ni kwamba siku ya juma haibadiliki: mtoto aliyezaliwa Jumatano hutimiza wiki zake zote Jumatano, kwa hiyo kalenda ya ukutani inatosha, mtu akishuka safu ileile ya Jumatano na kuhesabu mistari.

Tuchukue mtoto aliyezaliwa Jumatano tarehe 8 Januari 2025. Wiki 6 zake zinatimia tarehe 19 Februari, wiki 10 tarehe 19 Machi, na wiki 14 tarehe 16 Aprili. Miezi 9 inaangukia tarehe 8 Oktoba 2025, na miezi 18 tarehe 8 Julai 2026. Tarehe hizo tano zinaweza kuandikwa zote siku moja, mama akiwa bado kwenye arobaini yake, na zikabandikwa mahali panapoonekana.

Mtoto akichelewa, hesabu hubadilika. Kati ya dozi moja ya Penta na nyingine lazima zipite angalau wiki 4, na wiki hizo huhesabiwa kutoka siku aliyochanjwa kweli, si kutoka siku iliyopangwa. Ikiwa mtoto huyo wa Januari aliumwa na akapelekwa kwa mara ya kwanza tarehe 5 Machi, dozi ya pili haiwezi kubaki tarehe 19 Machi; itasogea hadi 2 Aprili, na ya tatu hadi 30 Aprili. Zile tarehe za zamani zikatwe kwa mstari mmoja unaosomeka, na mpya ziandikwe pembeni yake. Jambo la kumtia moyo aliyechelewa ni kwamba mfululizo wa chanjo hauanzwi upya: mtoto huendelea pale alipoishia, hata kama miezi imepita, na dozi alizokwisha kupata huhesabiwa. Wapo akina mama wanaoogopa kurudi kliniki kwa kuhofia kugombezwa. Waende. Kila wiki wanayoongeza humwacha mtoto bila kinga, na kumbukumbu zao ndizo zitakazomsaidia muuguzi kujua aanzie wapi.

Ukumbusho wa simu unafaa, lakini uwe wa mara mbili. Alamu ya asubuhi ya siku yenyewe huwa imechelewa kwa mtu anayetakiwa kuomba ruhusa kazini au kutafuta nauli. Ya kwanza ilie siku tatu kabla, ya pili jioni ya kuamkia siku ya kliniki.

Daftari la nyumbani

Pamoja na kadi, kila familia iwe na daftari. Kaunta buku dogo lenye jalada gumu linafaa kuliko daftari laini la shule, kwa sababu litatumika kwa miaka mingi na kwa watoto zaidi ya mmoja. Kila mtoto apewe kurasa zake, na ukurasa wa kwanza ubebe jina lake kamili kama lilivyo kwenye kadi, tarehe aliyozaliwa, mahali alipozaliwa, jina la mama kama lilivyoandikwa kliniki, na namba ya kadi au ya rejesta. Namba hiyo ndogo iliyoandikwa juu ya kadi hudharauliwa sana, na ndiyo itakayofupisha kazi ya kumtafuta mtoto kwenye rejesta nene siku kadi itakapokosekana. Katika mikoa ambayo vituo hutumia mfumo wa kielektroniki wa chanjo, kadi huwa imebandikwa kibandiko cha mistari midogo myeusi kama ile ya bidhaa za dukani. Nacho kisibanduliwe, na namba iliyo chini yake inakiliwe.

Kila ziara ipewe mstari wake. Mstari mzuri husomeka hivi: “19 Februari 2025, wiki 6. Polio 1, rota 1, Penta 1 paja la kushoto, PCV 1 paja la kulia. Zahanati ya kijiji. Homa usiku, kesho yake ilikwisha. Alimpeleka bibi. Kurudi 19 Machi.” Humo mna kila kitu ambacho mhudumu mwingine angetaka kujua, na mna jambo moja ambalo kadi haina nafasi yake, nalo ni jinsi mtoto alivyokuwa baada ya chanjo. Homa ndogo, wekundu au uvimbe kidogo mahali pa sindano ni mambo ya kawaida. Degedege, kupumua kwa shida, mwili kulegea, au kilio kisichonyamaza kwa saa tatu na zaidi si mambo ya kuandika na kuyaacha: mtoto arudishwe kituoni mara moja, na muuguzi aelezwe tena kabla ya dozi inayofuata. Kujua sindano ipi ilichomwa paja lipi husaidia hapo, kwa kuwa uvimbe ukitokea upande mmoja inajulikana umetokana na nini. Chupa ya chanjo huwa na namba ya bechi. Kituo kikiiandika kwenye kadi, inakiliwe pia.

Mwezi uandikwe kwa jina, usiandikwe kwa tarakimu. Pendekezo hili linaweza kuonekana la kupita kiasi kwa mtu wa Morogoro ambaye anajua kwamba 05/03/2025 ni tarehe 5 Machi, lakini Marekani tarehe hiyohiyo husomwa kuwa 3 Mei, na familia iliyohamia huko ikipeleka kumbukumbu za mtoto shuleni inaweza kuambiwa kwamba dozi mbili zilipishana kwa siku chache mno, au kwamba mtoto alichanjwa kabla ya umri wake, na akatakiwa kurudia.

Mahali pa kuiweka kadi, na nakala zake

Kadi ya kliniki ni karatasi ngumu kiasi, lakini haikutengenezwa kushindana na unyevu wa pwani, panya, mchwa, wala jasho la mkoba wa nepi. Iwekwe ndani ya mfuko wa plastiki wenye zipu au faili la plastiki, na mfuko huo uwe na sehemu moja tu nyumbani, inayojulikana na kila mtu mzima anayeweza kulazimika kumkimbiza mtoto hospitali usiku: juu ya kabati, si chini ya godoro, wala si sandukuni kwenye kufuli ambalo ufunguo wake anao mtu mmoja. Isipelekwe stationari ikapigwe laminesheni. Wazazi wenye nia njema hufanya hivyo kila mara, na ziara inayofuata muuguzi hana pa kuandika.

Ndani ya mfuko huohuo iwekwe kadi ya mama ya ujauzito, RCH 4, ambayo wengi huitupa mara tu baada ya kujifungua. Kadi hiyo ina kumbukumbu za chanjo ya pepopunda ya mama, ambayo ndiyo humkinga mtoto mchanga na pepopunda kabla hajapata Penta yake mwenyewe. Na kwa kuwa dozi tano zilizokamilika kwa nafasi zake humtosha mwanamke kwa miaka yake yote ya uzazi, aliyeitupa kadi huanza kuchomwa upya katika mimba inayofuata bila sababu. Tangazo la kizazi na baadaye cheti cha kuzaliwa vikae hapohapo. RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, hukubali kadi ya kliniki kuwa moja ya viambatisho kwa anayeomba cheti kwa kuchelewa, kwa hiyo kadi hii ina kazi hata baada ya mtoto kumaliza chanjo.

Nakala ya picha ipigwe kila baada ya ziara, siku ileile. Kadi ilazwe mezani karibu na mlango ili ipate mwanga wa mchana, simu ishikwe juu yake bila kuinama, na pande zote zipigwe, pamoja na ule wenye jina. Kisha picha ifunguliwe na kukuzwa kuona kama tarehe zinasomeka, kwani picha ya kadi isiyosomeka ni sawa na hakuna. Itumwe kwa mtu mmoja au wawili wanaoaminika, kwa mfano baba aliye safarini au shangazi, na mzazi ajitumie mwenyewe kwa barua pepe, kwa kuwa simu huibiwa na huanguka majini. Inapotumwa kwa WhatsApp ni afadhali itumwe kama faili kuliko kama picha ya kawaida, maana picha ya kawaida hupunguzwa ukubwa na maandishi madogo hufifia. Mwenye simu ya kitochi atoe kopi stationari kila baada ya ziara chache, na kopi hiyo akae nayo ndugu wa nyumba nyingine.

Hapa pana tahadhari ambayo sioni ikitolewa ya kutosha. Kadi ya mtoto si karatasi ya chanjo tu. Huwa na taarifa za afya ya mama, na katika kadi nyingi kuna sehemu inayoonyesha, kwa alama ambazo wahudumu na watu wengine wengi wanazielewa, kama mtoto amezaliwa na mama anayeishi na virusi vya UKIMWI. Picha ya kadi isitumwe kwenye kundi la ukoo, isiwekwe kwenye hali ya WhatsApp kwa furaha ya mtoto kumaliza chanjo, na isipigwe picha na mtu asiyehusika. Anayetaka tu kuwajulisha ndugu kwamba mtoto amechanjwa aandike ujumbe.

Chanjo zisizoandikwa kwenye kadi

Kuna dozi zinazotolewa nje ya ziara za kawaida. Mwezi Februari 2024, kwa mfano, Tanzania iliendesha kampeni ya surua na rubela kwa watoto wa miezi 9 hadi chini ya miaka mitano, na mwaka 2023 kulikuwa na kampeni ya matone ya polio katika mikoa ya magharibi na kusini magharibi baada ya mgonjwa kupatikana Rukwa. Katika kampeni wachanjaji hupita nyumba kwa nyumba, shuleni na sokoni, mara nyingi huweka wino kwenye kidole cha mtoto, na kadi ya kliniki haiguswi. Wino hufutika. Dozi hiyo iandikwe kwenye daftari siku hiyohiyo, na iandikwe wazi kwamba ni ya kampeni, kwa sababu dozi ya kampeni ni nyongeza: mtoto aliyepata surua ya kampeni akiwa na miezi 16 bado anatakiwa kupelekwa kwa ile ya miezi 18, mradi wiki 4 zimepita. Kadi ndogo ya kampeni, ikitolewa, ibanwe kwa pini kwenye ukurasa huo.

Hospitali binafsi nazo hutoa chanjo zisizo kwenye ratiba ya taifa, kama ya tetekuwanga au ya homa ya ini aina ya A, na nyingine hutumia kijitabu chao na majina ya biashara ya chanjo. Majina hayo yanakiliwe herufi kwa herufi, hata kama hayana maana kwa msomaji, kwa kuwa mhudumu mwingine atayatambua. Na kijitabu kiende pamoja na kadi, visitengane. Cheti cha njano cha homa ya manjano kwa wanaosafiri nje ni hati nyingine kabisa. Huanza kutumika siku 10 baada ya sindano, na tangu Julai 2016 ni cha maisha yote, kwa hiyo kihifadhiwe na pasipoti.

Nchi jirani zina ratiba zinazokaribiana na ya Tanzania bila kulingana nayo. Mtoto aliyezaliwa Siaya au Kisumu anaweza kuwa na chanjo ya malaria kwenye kijitabu chake cha Afya ya Mama na Mtoto, ambayo kadi ya Tanzania haina nafasi yake, na alama ya BCG yake huwa kwenye mkono chini ya kiwiko badala ya juu ya bega. Ratiba ya nchi moja pia hubadilika: kadi ya mtoto aliyezaliwa Tanzania mwaka 2010 haina PCV wala rota, kwa kuwa zilianza kutolewa mwanzoni mwa 2013, na rubela iliunganishwa na surua mwaka 2014. Dada mkubwa asihukumiwe kwa kadi ya mdogo wake.

Kwa msichana kumbukumbu hazikomi akiwa na miaka mitano. Chanjo ya HPV ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi ilianza kutolewa nchini mwaka 2018 kwa dozi mbili, na tangu 2024 hutolewa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, mara nyingi shuleni, mzazi akiwa hayupo. Mzazi amuulize binti yake, aandike tarehe, na kadi anayopewa ihifadhiwe kwenye mfuko uleule wa kadi ya kliniki.

Mtoto anapohama, na kadi inapopotea

Chanjo ya miezi 18 ndiyo inayosahaulika kwa urahisi kuliko nyingine, na moja ya sababu ni kwamba huangukia wakati ambao watoto wengi hupelekwa kwa bibi baada ya kuachishwa ziwa. Kadi iende na mtoto, siyo ibaki mjini na mama. Daftari na picha vibaki mjini. Anayempokea mtoto asikabidhiwe kadi kimya kimya bali aonyeshwe nafasi iliyobaki tupu na aambiwe tarehe yake. Na kama hasomi vizuri, iandikwe kwenye kalenda ya nyumba ile kwa duara, na mama apige simu siku hiyo kuuliza.

Kadi ikipotea, hatua ya kwanza ni kurudi kituo kilekile kilichomchanja mtoto, mzazi akiwa na daftari au picha. Asiye navyo aende na tarehe ya kuzaliwa, jina la mama, na mwezi aliompeleka kwa mara ya kwanza, kwa kuwa rejesta hupangwa kwa miaka na miezi. Jina la mtoto lenyewe linaweza kuwa si msaada: watoto wengi huchanjwa BCG hospitalini kabla hawajapewa jina, hasa katika familia zinazosubiri siku ya saba ya akika, na rejesta huwa imeandika “mtoto wa” fulani. Aliyechanjwa katika vituo viwili au vitatu itabidi avizungukie vyote, akianza na kile alichopata dozi nyingi, isipokuwa pale ambapo mfumo wa kielektroniki unaonyesha taarifa zake zote kwa pamoja.

Kama hakuna rejesta wala picha, mhudumu kwa kawaida atamhesabu mtoto kuwa hajachanjwa na kumpangia dozi kwa kufuata umri wake. Dozi inayorudiwa kwa namna hiyo kwa kawaida haina madhara, na mzazi asikatae kwa hoja kwamba “nakumbuka alichomwa.” Kumbukumbu ya kichwa huchanganya mtoto wa kwanza na wa pili kwa urahisi.

Kadi mpya ikishafunguliwa, dozi zilizothibitishwa kwenye rejesta ziandikwe humo kwa tarehe zake za zamani, si kwa tarehe ya siku hiyo, na mzazi ahakiki hilo kabla hajaondoka, kisha apige picha. Kadi ya zamani ikionekana baadaye nyuma ya kabati, isichanwe. Ipelekwe kliniki, mhudumu alinganishe tarehe za kadi zote mbili na kujaza zinazokosekana kwenye mpya, halafu ile ya zamani irudishwe kwenye mfuko, kwa kuwa ndiyo yenye mwandiko wa siku ya chanjo yenyewe.